Kabla ya Kuamini Kikokotoo cha Mkopo

Chini kabisa ya kurasa nyingi za mtandaoni zenye vikokotoo vya mikopo kuna sentensi iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Husema kwamba matokeo ni makadirio, kwamba maelezo yametolewa ili kufahamisha umma kwa jumla, na kwamba mwenye tovuti hatawajibika kwa uamuzi wowote utakaofanywa kwa kuyategemea. Wengi huiruka. Ilhali kwa mtu anayekaribia kuweka sahihi kwenye fomu ya mkopo, hiyo ndiyo sentensi muhimu kuliko zote kwenye ukurasa huo, kwa sababu mkataba atakaoutia sahihi hautakuwa makadirio.

Somo hili halilengi kuwakataza wakazi kutumia vikokotoo. Havilipishwi, na mkulima mwenye simu anaweza kufanya kwa dakika moja hesabu ambayo zamani ilihitaji karani. Lakini mikopo mingi katika kaunti hutolewa kwa dhamana ya hati miliki ya shamba au akiba ya majirani, na hayo si mambo ya kukisia. Kinachofuata ni baadhi ya mahali ambapo jibu la simu na pesa halisi huachana. Mifano yote ni ya kufundishia, na msomaji anaweza kuchukua kalamu na kuihakiki.

Riba moja, gharama mbili

Tuseme mkulima anataka Sh300,000 za kununua ng'ombe wa maziwa na kujenga zizi. Anataka kulipa kwa miezi 36, na riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Anaingiza nambari hizo tatu kwenye kikokotoo. Jibu: Sh9,964 kila mwezi, jumla Sh358,714. Riba yote ni Sh58,714.

Anakwenda kwa mkopeshaji ambaye bango lake pia linasema asilimia 12. Huko anaambiwa atalipa Sh11,333 kila mwezi, jumla Sh408,000. Riba yote ni Sh108,000.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kikokotoo kilitoza riba juu ya salio, yaani deni linapopungua, riba nayo inapungua. Mkopeshaji alitoza riba juu ya Sh300,000 za mwanzo kwa miaka yote mitatu, hata katika mwezi ule ambao mkopaji amebakisha rejesho moja tu. Asilimia 12 ya Sh300,000 ni Sh36,000 kwa mwaka, mara tatu ni Sh108,000. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni Sh49,286, na bango halikudanganya. Lilinyamaza tu.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni kwamba mwezi wa kwanza hautoi dalili yoyote. Zipo Sacco zinazotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, lakini hugawanya mkopo wenyewe katika mafungu sawa. Kwa mkopo huu, fungu ni Sh8,333, na riba ya mwezi wa kwanza ni Sh3,000. Jumla ni Sh11,333, sawasawa na ya yule mkopeshaji wa kwanza. Tofauti huanza mwezi wa pili. Huku rejesho linashuka kidogo kidogo hadi Sh8,417 mwezi wa mwisho, na riba yote inakuwa Sh55,500. Kule linabaki Sh11,333 hadi siku ya mwisho. Kwa hivyo anayeuliza “nitalipa ngapi mwezi wa kwanza?” amepata jibu la kweli lisilomsaidia. La kuuliza ni kama riba inatozwa juu ya salio au juu ya mkopo wa mwanzo, kisha kuomba ratiba nzima ya marejesho, mwezi baada ya mwezi, ikiwa imechapishwa.

Kuna pia pesa ambazo kikokotoo hakizioni kabisa. Ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo, ada ya wakili na ya kusajili dhamana, na ushuru wa bidhaa unaotozwa juu ya ada hizo. Zikifika asilimia 4 na zikatwe mwanzoni, mkulima wetu atapokea Sh288,000 mkononi huku akilipia riba ya Sh300,000. Bei ya ng'ombe sokoni haitapunguzwa kwa ajili hiyo.

Mikopo ya simu ina mtego wake. Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 ukiingizwa kwenye kikokotoo kinachouliza riba ya mwaka, Sh10,000 zitaonekana kugharimu takriban Sh62 kwa mwezi. Ada halisi ni Sh750. Anayekopa kiasi hicho na kukilipa kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa Sh9,000 kwa kutumia Sh10,000 zile zile.

Kwa mikopo ya benki, Benki Kuu ya Kenya pamoja na chama cha mabenki nchini zilizindua mwaka 2017 tovuti ya kulinganisha gharama nzima ya mkopo, ikiwemo ada. Ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kikokotoo cha nchi nyingine. Hata hivyo, barua ya mkopo kutoka benki yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho, na benki nyingi huweka ndani yake kifungu kinachoziruhusu kubadilisha riba. Kifungu hicho si cha kupamba karatasi. Kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, na kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Mkopo wa Sh1,000,000 wa miaka mitano hulipwa kwa Sh22,753 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 13, na kwa Sh25,393 riba ikiwa asilimia 18. Kikokotoo hutumia riba moja tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho kwa sababu hiyo ndiyo kiliyopewa.

Mapato yasiyokuja kila mwezi

Hapa ndipo vikokotoo hukosea zaidi kwa wakazi wa mashambani, na si kosa la hesabu. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayelipwa mshahara ule ule kila mwisho wa mwezi.

Chukua familia inayouza majani chai. Malipo ya kila mwezi ni Sh7,000, na bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa mara moja karibu mwezi wa Oktoba, ni Sh120,000. Kwa mwaka ni Sh204,000. Kikokotoo kinachouliza “unaweza kumudu kiasi gani?” kitagawanya kwa 12, kipate Sh17,000 kwa mwezi, kiondoe rejesho la Sh9,964, na kutangaza kwamba familia itabaki na zaidi ya Sh7,000. Inaonekana sawa.

Lakini kuanzia Novemba hadi Septemba, zile Sh17,000 hazionekani popote. Zilizopo ni Sh7,000. Rejesho limepungukiwa na Sh2,964 kabla hata ya unga kununuliwa, na kwa miezi 11 upungufu huo unafika Sh32,604. Mkopo huu unaweza kulipika, lakini kwa njia moja tu: malipo yote ya kila mwezi yaende kwa mkopo, Sh32,604 nyingine zitengwe siku ile ile bonasi inapoingia, na familia ile chakula na kulipa karo kwa kilichosalia cha bonasi mwaka mzima. Kila anayejua bonasi anajua huwa haifiki peke yake. Hufika pamoja na mabati ya nyumba, deni la dukani, harambee ya jamaa na karo ya Januari. Isitoshe, bonasi yenyewe haina kiwango maalum. Majani chai huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola, na bonasi ya mwaka huu haimwahidi mkulima chochote kuhusu ya mwaka ujao.

Ng'ombe naye ana ratiba yake. Hukaushwa maziwa takriban siku 60 kabla ya kuzaa, na kwa siku hizo haleti senti ilhali anaendelea kula. Rejesho halikaushwi. Mkulima aliyepiga hesabu kwa lita za mwezi mzuri, akazizidisha kwa 12, ameuza maziwa ambayo hayatakamuliwa.

Dawa si kuacha kukopa. Ni kuchora mwaka wote kwenye karatasi, miezi 12 kwa mstari, kila mwezi na pesa zinazotarajiwa kuingia na zinazojulikana zitatoka: karo ya kila muhula, mbolea na mbegu kabla ya mvua, bima, mchango wa chama. Karatasi hiyo hupelekwa kwa mkopeshaji kabla ya fomu kujazwa. Wapo wanaokubali malipo madogo kila mwezi na fungu kubwa wakati wa bonasi au baada ya mavuno, ila ni lazima mpango huo uandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya afisa wa mikopo iliyotolewa kwa mdomo haitamfunga afisa atakayechukua nafasi yake akihamishwa.

Hati ya mshahara iliyopitwa na wakati

Wenye mshahara wana nafuu, lakini nao wajihadhari na umri wa kikokotoo. Mfanyakazi wa Sh50,000 alikatwa Sh1,080 za NSSF viwango vipya vilipoanza Februari 2023, kisha Sh2,160 kuanzia Februari 2024, na Sh3,000 kuanzia Februari 2025. Bima ya afya ilikuwa Sh1,200 chini ya NHIF, na kuanzia Oktoba 2024 ikawa asilimia 2.75 ya mshahara chini ya SHIF, yaani Sh1,375. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5. Kisha mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ikabadilishwa tena, makato ya SHIF na ya nyumba yakaanza kuondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya PAYE kukokotolewa. Kikokotoo ambacho hakijafanyiwa marekebisho tangu wakati huo bado kipo mtandaoni, kinang'aa kama kipya, na kinatoa jibu lisilo sahihi.

Kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, mshahara huo wa Sh50,000, bila marupurupu wala nafuu nyingine za kodi, hubaki takriban Sh39,029. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi thuluthi mbili ya mshahara, kwa hivyo ni lazima mfanyakazi abakishiwe angalau Sh16,667. Kikokotoo kinaweza basi kumwambia kwamba anaweza kubeba rejesho la hadi Sh22,362 kwa mwezi. Hicho ni kikomo cha sheria. Kodi ya nyumba, nauli na watoto wawili walio shule ya bweni hawakuhesabiwa na yeyote, na Sh16,667 zinazoruhusiwa kisheria zinaweza kuisha tarehe 10.

Mdhamini hana nafasi ya kujaza

Kikokotoo huuliza kiasi, riba na muda. Hakiulizi ni nani atalipa mkopaji akishindwa. Katika Sacco, jibu la swali hilo huwa ni majina ya watu: mwenzake kazini, jirani, shemeji, mtu wanayeketi naye kanisani au msikitini.

Turudi kwa mkopo wa Sh300,000 kwa riba inayopungua. Tuseme mkopaji ana akiba ya Sh100,000 katika Sacco, kwa kuwa nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, na amedhaminiwa na wanachama watatu. Analipa kwa mwaka mmoja bila tatizo, kisha anaugua au kazi inaisha. Salio wakati huo ni Sh211,675. Sacco inachukua akiba yake ya Sh100,000, na zinabaki Sh111,675. Zikigawanywa kwa watatu, kila mdhamini anadaiwa Sh37,225, kabla ya faini na riba ya miezi iliyochelewa. Pesa hizo hutoka kwenye akiba yake, ambayo huenda aliiwekea karo ya mtoto wake au mkopo wake mwenyewe. Na hata mkopaji akilipa vizuri, mdhamini kwa kawaida hawezi kutoa akiba aliyoiweka kama dhamana hadi deni lishuke au apatikane wa kuchukua nafasi yake.

Kwa hivyo mdhamini ana haki ya kuona ratiba ile ile ya marejesho anayoiona mkopaji, na afanye hesabu hii kabla ya kutia sahihi. Kuombwa sahihi mbele ya watu, haraka haraka, huku kalamu ikiwa tayari mkononi, si sababu ya kutoisoma fomu. Anayekasirika kwa sababu mdhamini wake ameomba siku mbili za kufikiria amemsaidia mdhamini huyo kufikia uamuzi.

Pale dhamana ni ardhi, uzito ni mkubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inahitaji idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa dhamana. Idhini hiyo haina maana kama anayeitoa ameonyeshwa tu picha ya jibu la kikokotoo kwenye simu. Aonyeshwe mkataba.

Kanuni za watu wengine

Yaliyosemwa kuhusu vikokotoo yanahusu pia mafunzo ya fedha yanayosambazwa kwa video na jumbe. Kanuni inayonukuliwa sana ni ile ya kugawa mapato baada ya kodi: asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matamanio, 20 kwa akiba na kulipa madeni. Ilienezwa na kitabu cha mwaka 2005 cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi, nchini Marekani, kwa familia za huko. Kwa familia ambayo chakula, karo na dawa za mzazi mzee humeza asilimia 80 ya mapato, kanuni hiyo haitoi mwongozo wowote. Humfanya tu mtu ajihisi ameshindwa. Kilicho na manufaa ndani yake ni wazo la kuandika pesa zinakwenda wapi. Asilimia zenyewe mtu ajipangie.

Vikokotoo vya akiba navyo hupendeza mno. Weka Sh5,000 kila mwezi kwa miaka 20 kwa faida ya asilimia 12, na utaonyeshwa karibu Sh4.95 milioni. Ondoa kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba, na zinakuwa takriban Sh3.9 milioni. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, pesa hizo zitanunua kile ambacho leo hununuliwa kwa Sh1.47 milioni. Bado ni akiba nzuri, na bado inafaa kuwekwa. Lakini si milioni tano, na hakuna aliyeahidi asilimia 12 kwa miaka 20.

Tahadhari moja ya haraka: kikokotoo hakihitaji nambari ya kitambulisho wala ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu ili kuzidisha nambari tatu. Kinachoomba hayo kinakusanya habari za mtu, na afadhali kifungwe.

Pa kuuliza kabla ya sahihi

Majina ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni huchapishwa na Benki Kuu ya Kenya, na ya Sacco zilizoidhinishwa huchapishwa na mamlaka inayozisimamia, SASRA. Kila mkopaji pia ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo kutoka kwa shirika la CRB bila malipo mara moja kwa mwaka. Inafaa kuisoma kabla ya kukopa, kwani deni dogo la simu lililosahaulika linaweza kuwa ndilo litakalokwamisha ombi.

Vyama vya ushirika viko miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi serikali za kaunti. Kwa sababu hiyo mwanachama wa Sacco au wa chama cha maziwa, kahawa au chai anaweza kumwendea afisa wa ushirika wa kaunti na kuomba asaidiwe kusoma sheria ndogo za chama chake, fomu ya mkopo au fomu ya udhamini. Afisa huyo hatamchagulia mkopo, wala hawezi kumhakikishia kwamba mvua itanyesha. Atamweleza kifungu kinasema nini na chama kina wajibu gani kwake. Kuhusu gharama za shamba na mapato yanayoweza kutarajiwa kwa msimu, wa kuulizwa ni afisa wa kilimo au wa mifugo anayehudumu katika wadi.

Anayekwenda abebe fomu ya mkopo kabla haijatiwa sahihi, ratiba ya marejesho, taarifa ya akiba yake ya hivi karibuni, na ile karatasi ya miezi 12.